Goma: Mhami anayetafuta kazi aongee kwanza na nani?

Katika mji wa Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini, wahami wengi hawatafuti kazi kwa barua. Wanaamka, wananawa uso, wanashika barabara na kuuliza mlango kwa mlango. Si kwamba hawakusoma. Kati yao wako walimu na wauguzi kutoka Masisi na Rutshuru, ambao diploma zao zilibaki katika nyumba walizokimbia au ziliharibika kwa mvua ndani ya hema. Tena tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango, na nyingi kati ya ofisi ambazo zingepokea barua hazikuwa tena na mtu wa kuisoma.

Basi inabaki miguu. Lakini kuzunguka tu hakutoshi.

Wengi wanaanza na sentineli wa getini na wanaishia kwake. Sentineli hana kazi ya kutoa. Amewekwa pale arudishe watu, naye anawarudisha. Pale panapojengwa nyumba, anayechagua vibarua ni fundi mkubwa, si mwenye kiwanja, na mapema asubuhi amekwisha kuhesabu mikono anayoihitaji. Anayefika saa mbili anakuta wenzake wanabeba mawe ya volkano. Huko Kituku, mahali mitumbwi ya Minova na Idjwi inaposhusha mizigo, wabebaji wana kapita wao. Mgeni anayerukia gunia bila kumsalimu kapita anatafuta ugomvi, si kazi.

Baba mmoja mhami, mwalimu kutoka Masisi, alizunguka wiki nzima na bahasha ya karatasi zake. Kila mahali aliambiwa arudi kesho, na kesho vilevile. Mwishowe aliacha bahasha nyumbani, akaingia kwenye depo ya simenti wakati gari linashushwa na kila mtu anapiga kelele kuhusu hesabu.

«Jambo Papa,» akamwambia mwenye depo. «Mimi ni mwalimu. Niandikie magunia leo tu, jioni utaangalia kama hesabu inafanana.»

Hesabu ilifanana. Lakini swali lililofuata ndilo linalowakwamisha wahami wengi: nani anakujua hapa? Mhami anaogopwa, hilo tusifiche. Mwalimu alirudi kesho yake pamoja na baba wa familia iliyompokea, na shefu wa avenyu akakubali kusema anamfahamu. Sasa anaitwa kila gari likifika. Si kazi ya mwezi, lakini watoto wanakula.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Anayetafuta kazi ya kufua au kuosha vyombo kwenye mgahawa anaombwa kwanza komisyo na mtu anayejiita rafiki wa patro. Mwingine anaambiwa arudi usiku, peke yake, «tuongee vizuri». Kazi ya kuosha sahani haizungumzwi usiku, na mama aliyekataa kurudi hakupoteza kazi yoyote, maana haikuwapo.

Kuna pia wale wanaofanyishwa kazi miezi na miezi kwa jina la kujaribiwa. Sheria ya kazi ya Congo ya tarehe 16 Oktoba 2002 haikubali jaribio lipite mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, au miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Ni kweli, siku hizi mhami hajui amshitaki nani na wapi. Ndiyo maana bei ya siku inaulizwa asubuhi, kabla ya kushika ndoo, mbele ya mtu wa tatu anayesikia.

Baadhi ya akina mama wameanza kutembea wawili wawili. Mmoja anaingia kuongea, mwenzake anabaki barabarani na mtoto mgongoni, akiangalia mlango.