Faraja na Nauli

Sisi tufundishao Kiswahili tuna ugonjwa wetu wa kazi, nao ni methali. Mtu hajamaliza kulia, nasi tumekwisha kumpa neno la kumnyamazisha. Naungama kosa hili kwa sababu nimelitenda, na aliyelipia hakuwa mimi.

Miaka sita iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi katika chumba changu cha kazi. Alikuwa kijana msikivu ambaye masomo yake yalikuwa yameanza kuharibika. Alinipa shikamoo, akaketi, akatazama mikono yake. Niliona huzuni usoni pake, wala sikuwa mkali. Kusema kweli, nilijiona mwema. Nilimwambia kwamba mvumilivu hula mbivu, kwamba baada ya dhiki ni faraja, na mengine ya jamii hiyo. Alinishukuru kwa adabu akatoka. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo tena katika daftari langu.

Baada ya miaka miwili nilimkuta karibu na kituo cha mabasi akipanga viatu vya mtumba juu ya turubai. Alinisalimu kwa furaha. Nilimwuliza siku ile alitaka kuniambia nini. Alijibu bila kinyongo cho chote, “Mwalimu, nilikuja kukwambia kuwa sina pa kulala.”

Jibu lile lilinikosesha usingizi. Nilianza kusoma maandiko ya watabibu wa nafsi, fani ambayo si yangu. Carl Rogers, Mmarekani aliyetoa mwaka wa 1951 kitabu juu ya tiba inayomweka mteja katikati, alishika kwamba mtu hupata nguvu za kubadilika pale asikilizwapo kwa unyofu na kukubaliwa alivyo, bila ya sharti. Nilimpenda sana. Lakini swali moja halikuniacha: kama ningalimkubali kijana wangu saa nzima, usiku ule angalilala wapi?

Habari za Harare ndizo zilizonikaribisha kwenye jawabu. Dixon Chibanda, tabibu wa magonjwa ya akili katika Zimbabwe, alipotewa na mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua mwaka wa 2005. Jamaa zake walijua kuwa yapasa arudi kwa tabibu. Walikosa nauli ya basi, yapata dola 15. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare, tabibu huyo alianza kazi na bibi 14, wanawake wazima waliokuwa wakihudumia afya za majirani zao. Waliketi na wageni wao juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Hapo kwanza benchi liliitwa kwa jina lililotaja akili, na watu wakalikwepa. Likaitwa Benchi la Urafiki, wakaja.

Bibi hambishii mgeni wake kwamba umaskini ni mawazo tu. Humwacha ataje yote: kodi ya nyumba, mume apigaye, ugonjwa, mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada. Kisha mgeni mwenyewe huchagua shaka moja, na wawili hao hutafuta hatua ndogo inayowezekana. Bibi anayajua mashaka hayo. Anaishi mtaa huo huo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2016, lenye watu 573, baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za huzuni kuu walikuwa karibu 14 katika kila 100 upande wa waliokaa benchini, na karibu 50 katika kila 100 upande wa waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi ya namna hiyo yamefika hata Zanzibar.

Washona huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri. Lakini sikio la Mswahili haliwezi kujizuia kusikia kifungo ndani yake, na hatua ya kwanza ya bibi huitwa kwa maneno yenye maana ya kufungua fikira. Najua sarufi hainiruhusu kuyaunganisha haya, nami sifundishi hivyo darasani. Sisi nasi husema fulani “ana mawazo,” na aghalabu hatumwulizi ni mawazo ya nini.

Wako watakaosema kwamba mshauri hana haja ya kujitia katika kodi na nauli za watu, asije akageuka balozi wa nyumba kumi. Hofu yao naielewa, maana mimi sina nyumba ya kumpa kila asiye na pa kulala. Lakini chuo kilikuwa na ofisi ya mabweni, nami nilikuwa na kalamu. Barua moja ingalikuwa na mistari mitano.

Nimekiondoa kiti cha mgeni ng’ambo ya meza nikakiweka ubavuni mwangu. Mwezi uliopita binti mmoja aliketi hapo. Methali ilinijia ulimini, nikaimeza. Nilimwuliza amekula nini tangu asubuhi. Alitazama kama mlango umefungwa, kisha akaanza na habari za baba yake.