Suruali Langoni mwa Ofisi

Jina la Arusha limefungamana na Azimio la mwaka 1967. Wachache hukumbuka kwamba muda mfupi baada ya Azimio hilo, serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai lubega na kuwavisha suruali. Mwanamume aliyejifunga shuka alihesabiwa kuwa aibu kwa taifa linaloendelea. Kisha, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Safari hii walioandamwa zaidi walikuwa wanawake. Sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku, na huko Kariakoo vijana waliwashambulia wanawake hata kabla ya siku hiyo kuwadia.

Nikizitazama operesheni hizi kwa pamoja, naona swali moja: ni nani mwenye mamlaka juu ya mwili wa raia? Suruali ililazimishwa kwa mfugaji na kutiliwa shaka kwa msichana wa mjini, na wote wawili hawakuulizwa.

Wanaodai kwamba suruali ni vazi la kiume tangu enzi za mababu waitazame pwani yetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyovaa suruali pamoja na kanzu. Huko Paris, amri ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke aombe kibali cha polisi kabla ya kuvaa mavazi ya kiume. Yves Saint Laurent alipomshonea mwanamke suti ya jioni ya namna ya kiume mwaka 1966, amri hiyo ilikuwa bado haijafutwa. Serikali ya Ufaransa ilitamka kuwa haina nguvu mwaka 2013.

Kwetu, mageuzi haya yamepitia zaidi kwenye mitumba. Koti la kiume hununuliwa katika soko la Kilombero, fundi cherehani hulipunguza mabega na kulibana kiuno, na Jumatatu huingia nalo mwanamke ofisini. Wanawake wanaoongoza wageni kupanda Mlima Meru, wenye mita 4,566, huvaa suruali kwa sababu baridi ya alfajiri haichagui jinsia. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa kike wanachokipenda katika suti hizo, jibu linalorudiwa ni mifuko. Mama zao walifunga fedha katika pindo la khanga. Wao wanataka pahali pa simu, kitambulisho na nauli.

Mmoja wao alirudishwa langoni mwa ofisi moja ya umma akiwa na suruali pana na koti lililofika mapajani. Alikuwa akipeleka maombi ya mafunzo kwa vitendo siku ya mwisho. Mlinzi hakumwonyesha kifungu chochote. Nafasi ikapotea.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Kanuni ya mavazi ibandikwe langoni, itaje nguo kwa majina, iwapime wanaume na wanawake kwa kipimo kimoja, na isimnyime mwananchi huduma aliyoifuata. Heshima isiyoandikwa popote hubadilika kila mlinzi anapobadilisha zamu, na anayelipa gharama yake ni msichana aliyefika na bahasha mkononi.