Nusu ya Hadithi ya Gershwin

Mama bado anazo risiti za karo yangu, amezifunga kwa mpira ndani ya sanduku la chuma. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Tukianza kubishana, nilikuwa na jibu moja: "Na George Gershwin je? Aliacha shule akiwa na miaka 15."

Hiyo ni kweli. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1898, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Aliacha shule akaenda kupiga piano kwa kampuni iliyochapisha nyimbo, kwa dola 15 kwa wiki. Alipiga nyimbo za wenzake ili wateja wazinunue. Februari 1924, "Rhapsody in Blue" iliposikika mara ya kwanza, ni yeye aliyekaa kwenye piano. Alikuwa na miaka 25 tu. Mama alikuwa ananyamaza nikifika hapo, nami nilidhani nimeshinda.

Kumbe sikuwa nimesoma mbele. Katika "Rhapsody in Blue", aliyepanga ni chombo gani kipige nini hakuwa Gershwin. Alikuwa Ferde Grofé. Mwaka uliofuata Gershwin alitunga "Concerto in F", na safari hii akavipanga vyombo vyote mwenyewe. Kabla ya onyesho alikodi wanamuziki wampigie, asikie makosa yako wapi, kisha akarekebisha. Hata alipokuwa tajiri na maarufu, hakuacha kutafuta walimu. Alipokuwa akitunga opera yake "Porgy and Bess", iliyotoka 1935, bado alikuwa mwanafunzi wa Joseph Schillinger. Alifariki 1937 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 38.

Yaani miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba nusu ya hadithi. Yeye aliacha shule. Mimi niliacha shule, nikaacha na kusoma. Makala zangu hurudi kutoka kwa mhariri zimejaa alama nyekundu, nami hubonyeza tu kukubali zote, nisubiri malipo.

Juzi nilifungua moja nikazipitia alama hizo, moja baada ya nyingine. Ilinimalizia asubuhi nzima. Mama alipopiga simu, sikumtaja Gershwin. Nilimwambia nasoma.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wapi?"