Chevrolet namba 34 na kombe lililochelewa

Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, Marekani, gari Chevrolet Bel Air lenye namba 34 lilimaliza mizunguko 200 mbele ya magari yote. Bendera ya mwisho haikupepea. Dereva akaendelea kuzunguka kwenye udongo, kama vile hajafika.

Dereva huyo alikuwa Wendell Scott, mtu mweusi wa Danville, jimbo la Virginia. Miaka ile, kusini mwa Marekani, weusi na wazungu walikuwa wangali wanatenganishwa.

Bel Air lilikuwa gari la jamaa, la kupeleka watoto masomo na mama sokoni. Lakini kiwanda kilipolitia moteri nzito ya silinda 8, likawa kitu kingine: moteri kubwa kabisa ya mwaka wa 1962 ilikuwa na nguvu ya farasi 409. Magari ya namna hiyo Wamarekani waliyapa baadaye jina la magari ya misuli. Chevrolet ilikuwa na sifa katika mbio za NASCAR: mwaka wa 1957 Buck Baker alipata ubingwa akiendesha Chevrolet. Jina hilo litarudi. Lakini mwanzoni mwa 1963 kampuni mama, General Motors, ilijitoa katika mbio. Aliyebaki na Chevrolet akabaki kujitafutia mwenyewe.

Kujitafutia, Scott alikuzoea. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa fundi wa magari jeshini. Aliporudi akafungua garaji, na usiku akapitisha pombe ya magendo, polisi wakimfukuza. Waandalizi wa mbio walipotafuta dereva mweusi mwenye kasi, polisi haohao ndio waliowatajia jina lake. Mwaka wa 1952 akaanza kushindana. Gari la Jacksonville alilinunua likiwa limetumika, kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Mafundi wake walikuwa watoto wake mwenyewe.

Siku ile aliondoka katika nafasi ya 15. Richard Petty alikuwa mbele, gari lake likaanza kumsumbua, na ilipobaki mizunguko 25 Scott akampita. Akazunguka mpaka 202. Kisha wakatangaza mshindi: Buck Baker. Baker ndiye aliyepewa kombe.

Scott akakataa. Wakarudia hesabu, na baada ya masaa mawili hivi wakuu wakakubali: Scott alikuwa ameshinda, tena kwa mizunguko miwili zaidi. Wakampa pesa zake, dola 1000. Lakini kombe lilikuwa limekwisha kwenda, na watu wamekwisha kutawanyika. Scott mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka watu wamwone mweusi akibusiwa na msichana mzungu mwenye kazi ya kutoa kombe.

Mtu aliyewahi kusimama mstarini tangu asubuhi, akaambiwa jina lake haliko kwenye liste, na yeye anajua aliandikwa, anaelewa masaa mawili yale yalikuwa marefu namna gani.

Scott hakuacha. Aliendesha mpaka ajali kubwa ya Talladega, mwaka wa 1973, ilipomvunja. Katika ngazi ya juu alikimbia mara 495, na mara 147 alikuwa kati ya kumi wa kwanza. Ushindi ulibaki ule mmoja.

Alikufa Desemba 1990, mikono mitupu. Mwaka wa 2010 jamaa yake walipewa kombe la kufidia lile, na mwaka wa 2015 jina lake likawekwa katika nyumba ya mashujaa wa NASCAR. Halafu tarehe 28 Agosti 2021, kwenye uwanja wa Daytona, NASCAR yenyewe ikawapa kombe la Jacksonville.

Kesho yake Wendell Scott angetimiza miaka 100. Watoto waliokuwa wakimfungia magurudumu ndio walilipokea, nao wamekwisha kuwa wazee.