Subana Mbili za Plastiki

Birmingham, 16 Novemba 2025

Mjomba,

Rekodi uliyonitumia nimeisikiliza mara nne: mbili kwa mapenzi ya damu, mbili kwa masikio. Kisha mamako akanipigia. Alizungumza dakika arubaini hivi, nami kazi yangu ikawa kuitikia "ndiyo, dada". Ana mashtaka. Kwamba nusu ya pesa za chuo huishia kwenye kukodi spika; kwamba mwenye ploti amewafukuza kwenye ile stoo ya mabati; kwamba mpiga ngoma wenu amehamia kanisani, anakolipwa kila Jumapili na chakula juu; na kwamba mnachokipiga ni kelele za mashetani zilizoletwa na wazungu. Akanitaka nikuandikie nikukanye. Nilimwahidi kuandika. Sikumwahidi nitaandika nini.

Unajua ninakoishi. Kutoka mlangoni kwangu hadi Aston ni safari fupi ya basi, na Aston ndiko walikotoka vijana wanne walioipa dunia hiyo hevi metali yako. Shida zao zilikuwa ndugu wa zenu: vifaa hakuna, pesa hakuna, na juu ya hayo mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na vidole pungufu.

Nianze na vidole, maana hapo hata mimi nina la kusema. Kazi yangu ni presi: bati linaingia bapa, linatoka limekuwa kipande cha mlango wa gari. Mashine yetu haishuki mpaka mikono yote miwili ibonyeze vitufe viwili vilivyotenganishwa makusudi, usije ukausahau mkono mmoja chini ya chuma. Presi aliyowekwa Tony Iommi mwaka 1965 haikuwa na huruma hiyo. Alikuwa na miaka 17, fundi wa kuchomelea, na siku hiyo ilikuwa yake ya mwisho kazini. Alikuwa anaacha ili akazunguke Ulaya na bendi. Mwenye presi hakufika, wakamweka yeye. Mchana akaenda nyumbani kula, akasema harudi tena. Mamake akamwambia akaimalize siku yake kama mtu mwenye adabu. Akarudi. Chuma kikashuka, akavuta mkono, na ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kulekule. (Aya hii usimwoneshe mamako.)

Yeye hupiga kwa shoto, kwa hiyo mkono huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari wakamwambia gitaa basi. Msimamizi wake wa kazini akamwendea nyumbani na sahani ya santuri ya Django Reinhardt, akamsikilizisha, na baada ya hapo ndipo akamweleza kuwa mpigaji yule alitegemea vidole viwili tu vya mkono wa kubania, vingine viliharibiwa na moto. Tony akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga hadi akapata subana mbili, kama zile za bibi yako akishona kofia, akazivika ngozi aliyoikata kwenye jaketi kuukuu ili zishike uzi. Nyuzi zilizokuwa madukani zilikuwa nene mno kwa vidole vile, akatafuta nyembamba, hata za banjo akazitia. Kufikia albamu ya tatu, mwaka 1971, alikuwa anazilegeza chini kabisa ya kawaida ili zikubali kuvutwa. Ndiyo ule mngurumo. Leo vijana wenye vidole kumi kamili wanalegeza nyuzi zao kuutafuta, nawe umo, nimekusikia.

Sasa bendi yenyewe. Mwaka 1968 Tony na mpiga ngoma Bill Ward waliona tangazo kwenye duka la muziki: mwimbaji anayejiita Ozzy Zig anatafuta bendi, na ana vipaza sauti vyake mwenyewe. Vipaza sauti hivyo babake alivichukua kwa mkopo, na nadhani ndivyo vilivyowavuta kuliko huyo mwimbaji. Walipofika mlangoni, Tony nusura ageuke: alimjua yule tangu shuleni, na hakuamini kabisa kuwa anaweza kuimba. Ozzy Osbourne alikuwa ameshapitia machinjioni, ameshakaa kiwandani kutwa nzima akijaribu honi za magari, na ameshalala jela wiki kadhaa kwa kuvunja duka, babake akikataa kumlipia faini ili apate funzo. Geezer Butler, aliyekuwa naye, alikuwa akijifunza uhasibu. Besi hakuwa nayo, akalegeza nyuzi za gitaa la kawaida likawa besi.

Mwanzoni walikuwa sita, mmoja akipuliza saksafoni. Wawili wakaonekana moyo wao haumo. Badala ya kuwaambia, wale wanne wakajifanya bendi imevunjika, kisha wakaiunda upya kimya kimya bila wao. Woga mtupu, lakini kazi ilifanyika. Mpiga ngoma wenu amewaepusha hata na uongo huo, kaondoka mwenyewe. Msimnunie. Anakula.

Mwisho wa mwaka huohuo Tony alichukuliwa na Jethro Tull, bendi iliyokwisha kuwa na jina. Hakumaliza muda, akarudi Aston kwa wenzake, na alichorudi nacho ni saa: kule aliwakuta watu wanaanza mazoezi asubuhi kama watu wenye kazi. Akawa anawaamsha wenzake wawe mazoezini saa tatu. Nyinyi mnaanza saa ngapi? Nauliza tu.

Ukumbi wa jamii walipofanyia mazoezi ulitazamana na sinema. Wakaona watu wamepanga foleni, wanalipa ili watishwe na filamu ya kuogofya, wakajiuliza kwa nini muziki usiifanye kazi hiyo. Jina lao, Earth, lilikwisha kuwa na bendi nyingine, basi mwaka 1969 wakachukua la filamu ya Mario Bava: Black Sabbath. Wimbo wenye jina hilo umesimama juu ya noti tatu za polepole, ile ya tatu imekaa pale ambapo sikio halikuitaka ikae. Mamako akiuliza habari ya mashetani, mwambie mtu wa kwenye wimbo ule ameshikwa na hofu na anamwomba Mungu amsaidie. Na misalaba waliyovaa shingoni, babake Ozzy ndiye aliyewatengenezea kwa chuma, iwakinge.

Albamu ya kwanza waliirekodi siku moja, Oktoba 1969. Hawakuhitaji zaidi, maana walikwisha kuzisaga nyimbo zile jukwaani, pamoja na kule Hamburg walikopiga mara kadhaa kila siku. Ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Wakosoaji wakaiponda, watu wakainunua, ikapanda hadi namba 8 hapa Uingereza.

Hilo la "mambo ya wazungu" wewe unalijua kuliko mimi. Bendi ya Duma ilitoka hapohapo Nairobi, watu wawili tu, na albamu yao ya 2020 ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi wa pwani tukisoma jina hilo tunamwona mnyama mwenye madoa. Wao walikusudia giza, kwa Kikuyu. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akatoa albamu mwaka 2024 ya kumuenzi nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa jemadari wa Mau Mau msituni. Mpigie mamako hiyo. Au usimpigie, ni kali.

Ndiyo maana wimbo wako wa pili umeniudhi. Unaimba theluji. Theluji umeiona wapi? Mimi naikwangua kwenye kioo cha gari alfajiri na sijaona ushairi ndani yake. Wa kwanza ni habari nyingine. Kwenye dakika ya tatu kinu cha posho cha jirani kinaanza kuunguruma nyuma ya gitaa, nawe ukaniandikia kuniomba radhi kwa kelele ile. Sehemu hiyo nimeirudia kuliko zote. Bill Ward amesimulia kwamba utotoni alikuwa akilala akisikia mitambo ya kufulia chuma ikigonga usiku, naye akigonga kitanda chake katikati ya mapigo yake. Kinu chenu kina mwendo, usikilize vizuri: mapigo mawili mazito, kisha kama kinajikwaa. Mkipata mpiga ngoma mpya, kabla hajashika vijiti mpelekeni akakae kwa mwenye kinu.

Mwezi Julai, Ozzy alipofariki, walimpitisha katika barabara ya Broad, kwenye daraja lililopewa jina la bendi yake. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikasimama na wengine, maelfu. Kando yangu alikuwapo mzee wa kiwandani kwetu, mtu ambaye miaka kumi na tisa sijamwona akicheka wala akilia. Alivua kofia, akaniomba kiberiti, na sigara hakuwa nayo.

Ada ilipwe kwanza, spika baadaye. Hapo niko upande wa mamako na sitabadilika. Mwezi ujao kuna jamaa wa msikitini kwetu anakuja Mombasa. Nimempa bahasha yenye seti tatu za nyuzi nyembamba, amfikishie mamako. Nenda ukaichukue mwenyewe, usimtume mtu, na ulale siku mbili. Yeye nimemwambia ni karatasi za chuo, kwa hiyo ukiifungua, ifungulie chumbani.

Mjomba wako