Jambazi Ukurasa wa Kwanza

Katikati ya miaka ya 1990 hakuna waziri wala mchezaji mpira aliyemaliza magazeti yangu mapema kama jambazi Wanugu. Nilikuwa nikiuza barabara ya Tom Mboya, Nairobi, magazeti nimeyatandaza chini na kuyawekea vijiwe upepo usiyapeperushe. Siku ya kawaida gazeti la Taifa Leo lingeweza kunilalia hadi jioni. Akitajwa Wanugu, au majambazi wenzake Wacucu na Rasta, saa tatu asubuhi nilikuwa sina kitu. Wasio na hela waliinama pale pale, mikono nyuma, wakasoma kichwa cha habari, kisha wakaanza kubishana kuhusu majambazi hao kama watu wanaobishana juu ya shangazi na binamu zao.

Mapenzi hayo yalikuwa ya zamani. Nikiwa shuleni, mwaka 1984, kilitoka kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, alichokiandika katika kifungo alichohukumiwa 1971 kwa wizi wa mabavu. Nakala yetu haikuwa na jalada, na zamu ya kuisoma ilikuwa usiku mmoja tu. Halafu palikuwa na Patrick Shaw, polisi wa akiba mwenye mwili mkubwa mno, aliyefanya kazi katika shule ya Starehe na usiku akawasaka majambazi mjini. Alifariki 1988. Wateja wangu waliendelea kumsimulia kama aliyepita hapo jana.

Kuna wanaosema watu walipenda damu tu. Mimi niliyewasikiliza kila asubuhi siamini. Miaka hiyo hiyo ya 1990 magazeti yalijaa kashfa ya Goldenberg: mabilioni ya umma yaliyolipwa kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu ambayo kwa sehemu kubwa haikuwapo. Kashfa ilifichuka 1993, na wakubwa waliendelea kupita na magari yao. “Huyu wa bunduki angalau anahatarisha shingo yake,” mzee mmoja aliniambia, na waliomzunguka wakaitikia. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa, lakini walimkabidhi mtu asiyestahili kuibeba.

Nasema hivyo kwa sababu ya mama mmoja, jirani yetu. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku, na majambazi walikuwa wamemuua kwa risasi kazini. Alikuja kununua gazeti ingawa hakujua kusoma. “Nionyeshe alipo baba watoto, ndugu yangu.” Nilitafuta mstari kwa mstari. Bunduki iliandikwa aina yake, gari lililotekwa liliandikwa rangi yake. Mumewe aliandikwa “mlinzi mmoja” tu. Nilikataa pesa zake.

Vijana bado huniuliza Wanugu alikuwaje. Nawajibu ninachokijua: wote watatu waliuawa na polisi, Wanugu akiwa Nakuru. Kisha nawasimulia yule mlinzi, wapende wasipende: kwamba alitoka Kitui, kwamba alisomesha watoto watatu kwa mshahara wa kukesha, na kwamba muhula uliofuata kifungua mimba wake aliacha shule akaenda kubeba mizigo sokoni Gikomba.