Baka Lisilowasha

Magonjwa mengi hupiga hodi kabla ya kuingia. Malaria huja na homa na kutetemeka, jino bovu hutuamsha usiku, upele humfanya mtoto ajikune mpaka damu itoke. Mtu anayeumwa hutafuta dawa mbio, na kama hana feza hukopa. Lakini uko ugonjwa mmoja unaoingia kimya kabisa, kwa sababu kazi yake ni kuondoa maumivu. Huo ndio ukoma. Wengi wanafikiri ulikwisha pamoja na kambi za wakati wa Wabeleji. Haukwisha. Kongo yetu ingali katika nchi zinazoandikisha wagonjwa wapya wengi kila mwaka, na watoto wamo katika hesabu hiyo.

Mimi ni katekista, si daktari. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukaa miaka mingi na mama mkubwa wangu, dada ya mama mzazi, ambaye aliugua ukoma katika ujana wake, akapona, na sasa amepita miaka sabini. Mganga wa kituo chetu cha afya ndiye aliyenifundisha namna ya kumtunza, na kwa njia hiyo nikajifunza pia namna ya kuutambua ugonjwa.

Ukoma huanza mara nyingi kwa baka moja tu. Juu ya ngozi yetu nyeusi baka hilo huwa na rangi iliyofifia, pengine nyekundu kidogo kama shaba. Haliwashi. Haliumi. Mara nyingi ni kavu, halitoki jasho hata mtu akilima juani, na vinyweleo vyake hupungua. Mwenye baka anaweza kulibeba mgongoni miaka mingi bila kujua, maana nani hujitazama mgongoni? Kwa watu wengine hakuna baka la wazi. Ngozi yao hung'aa na kuwa nene, ndewe za masikio huvimba au kutoka vivimbe, nyusi hunyonyoka, pua huziba siku zote. Wengine huanza kwa ganzi ya mkono au mguu, kidole kidogo na jirani yake hujikunja, au mguu huburura na kandambili huvuka bila mtu kujua.

Si kila baka ni ukoma, wala nisiwatie watu hofu. Choa huwasha na kutoka magamba, na ukingo wake huonekana wazi. Mabaka madogo madogo ya kifua na mgongo, yale yanayozidi wakati wa joto, mara nyingi ni ukungu wa ngozi tu. Yule ambaye ngozi yake imekuwa nyeupe kabisa kama chaki, naye anasikia vizuri akiguswa, hana ukoma. Alama ya kuzaliwa nayo mama anaijua tangu siku ya kwanza.

Jaribio lenyewe ni jepesi, hata mtu asiyejua kusoma anaweza kulifanya. Chukua pamba kidogo, uisokote ncha yake iwe laini. Mwambie mtu afumbe macho, na kila akiguswa aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Gusa ngozi nzima, kisha gusa baka. Usitumie sindano wala kaa la moto, kama nilivyoona wengine wakifanya. Hiyo ni kumwumiza mtu bure.

Nilifanya hivyo kwa kijana mmoja wa jirani yetu, wa miaka kumi na minne. Baka lake lilikuwa nyuma ya mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa amemaliza mwaka mzima akinunua pomadi katika duka moja la dawa, leo hii, kesho ile, na mwisho alianza kumpaka mafuta ya kung'arisha ngozi, ili ngozi yote ifanane na baka. Nilimgusa kijana mkono wa kuume, akaonyesha. Nikamgusa bega, akaonyesha. Nilipogusa katikati ya baka akatulia, amefumba macho, akingoja. Nikagusa tena, na tena. Ndipo akaniuliza kama nimekwisha kuanza upya au bado. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote.

Juu ya hayo mafuta ya kung'arisha nitasema neno moja. Mengine yana zebaki, ambayo huharibu figo. Mengine yana kortizoni, nayo huweza kufifisha baka huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake chini ya ngozi. Mwanamke anayetaka kupendeza ana haki yake, lakini sabuni, maji na mafuta ya kawaida hayajamdhuru mtu ye yote.

Yule mama hakuogopa sana ugonjwa wenyewe. Aliogopa watu. Alisema, "Katekista, wakijua, binti zangu wataolewa na nani?" Swali hilo nalichukua kwa uzito, kwa maana katika vijiji vyetu bado kuna wanaosema ukoma ni laana ya ukoo, au malipo ya dhambi, na wafumu hula mbuzi za watu kwa maneno hayo. Mwaka wa 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, aliona kijidudu cha ukoma katika mji wa Bergen. Basi ni ugonjwa wa kijidudu, kama kifua kikuu. Hauritiwi. Huenea hasa kwa hewa ya pua na kinywa cha mgonjwa asiyetibiwa, kwa wale wanaokaa naye karibu siku nyingi, na tena watu walio wengi miili yao inaweza kuushinda. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Kijidudu hicho hukua polepole mno: toka siku ya kuambukizwa mpaka baka kutokea, mara nyingi hupita miaka mitano, pengine ishirini. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta aliyekuletea.

Dawa zipo, nazo ni za bure. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani, ndilo OMS, linaagiza kuchanganya dawa: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka machache hunywa miezi sita, mwenye mengi miezi kumi na miwili. Kidonge cha mwezi hunywewa mbele ya mganga, vya kila siku hunywewa nyumbani. Mkojo ukiwa mwekundu siku ile ya mwezi, ni rangi ya dawa tu, si damu. Ngozi ikizidi kuwa nyeusi ni klofazimini, nayo rangi hufifia polepole baada ya kumaliza. Jambo la hatari ni lingine: pengine mabaka huvimba ghafula na kuwa mekundu, au mshipa wa kiwiko huuma sana, au mkono hulegea kwa siku chache. Wagonjwa wengi wakiona hivyo husema dawa imewakataa, wanaziacha. Wasiziache! Waende kwa mganga siku ileile, kwa maana kuna dawa nyingine ya kutuliza mwili, na wakichelewa mshipa hufa. Kijana wa jirani alimaliza miezi yake sita, vidole vyake vyote vinanyoka. Na wale wa nyumbani mwake walipimwa wote, toka nyanya yake mpaka mtoto mchanga.

Mama mkubwa hakuwa na bahati hiyo. Alipougua alipewa dapsoni peke yake kwa miaka mingi, mpaka dawa zile za kuchanganywa zilipofika akazimaliza. Kijidudu kilikufa, lakini mishipa ya mikono na nyayo ilikuwa imekwisha kufa kabla yake. Watu wanaona vidole vyake vifupi na kidonda cha mguuni, wanasema, "Tazama, bado ana ukoma." Kumbe sivyo. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore katika India mwaka wa 1946, ndiye aliyewaonyesha waganga wengi kwamba vidole havianguki kwa kuozeshwa na ugonjwa. Huharibiwa na kazi za kila siku, moto, mwiba, kiatu kinachobana, hata panya wa usiku, kwa sababu mwenye mkono hasikii. Nasi tuna shahidi mwingine, Mtakatifu Damiano wa Molokai, mzaliwa wa Tremelo katika Ubelgiji. Alifika kati ya wagonjwa wa Molokai mwaka uleule wa 1873. Inasimuliwa kwamba alijua kuwa ameupata ugonjwa siku alipotia mguu katika maji ya moto sana asisikie kitu. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Basi uzee wa mtu kama huyo unataka macho yafanye kazi ya ngozi. Ngozi ya mzee ye yote hukauka, lakini ngozi isiyotoka jasho hukauka zaidi, hupasuka, na kila ufa ni mlango wa kidonda. Kila jioni mama mkubwa hutia miguu na mikono katika beseni la maji ya kawaida muda wa nusu saa. Maji nayapima mimi kwa kiwiko changu, yeye hawezi. Kisha husugua ngozi ngumu ya kisigino kwa jiwe la kusugulia, polepole, na kupaka vazelini au mafuta ya kupikia huku ngozi ingali na maji. Akipika, sufuria haiondoi kwenye mbabula bila kitambaa kinene. Jicho lake la kushoto halifungi sawasawa. Hujikumbusha kupepesa, na usiku hulifunika kwa kitambaa safi. Akiwa na kidonda cha unyayo hukaa chini, kidonda hufungwa, hatembei nacho. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana hakiumi, naye anataka kwenda shambani.

Viatu vilinisumbua. Ndani viwe laini, chini viwe vigumu, tena visipigwe misumari, maana msumari hutokeza siku moja na mwenye mguu hajui. Fundi wetu alishona sandali za mpira wa gari, ndani akaweka sponji. Kabla ya kuvaa, mama mkubwa huzigonga chini ili kijiwe kitoke. Ndugu wenye ugonjwa wa sukari nao wafanye hivihivi, kwa sababu nao miguu yao hufa ganzi uzeeni, na wengi hupoteza mguu kwa kijiwe kimoja.

Kanisani ilikuwa shida nyingine. Wakati wa kupeana amani, benchi lake lilikuwa na nafasi ya watu wawili kila upande. Padri wetu hakuhubiri cho chote juu ya jambo hilo. Dominika ya mwisho ya Januari, ile ambayo tangu 1954 ni siku ya wagonjwa wa ukoma kwa juhudi za Raoul Follereau, alishuka toka altare, akampa mkono wa kwanza. Tangu siku ile wako wanaokaa karibu naye. Wengine bado wanazunguka.

Nyumbani mjukuu wangu wa miaka saba ndiye mwenye macho mazuri. Kabla ya Rozari huchukua taa na kutazama nyayo za nyanya yake, moja baada ya nyingine, katikati ya vidole pia. Juzi alikuta mwiba umezama mpaka mwisho, naye mama mkubwa alikuwa ametembea nao tangu asubuhi. Tukautoa, tukaosha kwa maji na sabuni, tukafunga. Siku nne alikaa kitini akinung'unika juu ya mihogo yake.